Mswaki Shavuni

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimepata kazi! Khadra, muuguzi wa kliniki ya vijana hapa Garissa, ameanzisha laini ya WhatsApp. Kijana anauliza swali lake la aibu, anajibiwa kwa sauti, bila majina. Khadra anaandika majibu, mimi nayarekodi. Anasema nina sauti inayosikika. Kweli. Siku za soko la mifugo mimi ndiye ninayetangaza mbuzi waliopotea.
Tatizo moja. Ijumaa wazee wanakwenda kwa Mzee Dagane kuniposea binti yake Ruweyda. Akijua nazungumzia kisonono mchana kutwa, nimekwisha.

Jumanne, 6 Mei
Dawa nimeipata: nikirekodi naweka mswaki shavuni, sauti inabadilika. Hivyo hata mama hanitambui. (Sijamuuliza.)
Swali la kwanza: maziwa ya ngamia yanatibu kisonono? Jibu la Khadra: kunywa maziwa ushibe, kisha nenda kliniki ukatibiwe, na mwenzako pia. Nilirekodi mara nne. Mara moja nusura niumeze mswaki.

Jumatano, 7 Mei
Siku ya soko. Sauti imefika hadi Balambala! Vijana wanaisikiliza nyuma ya malori ya ng'ombe. Kadar, dalali mwenye maneno mengi, akaniuliza mbona shavu limevimba. Mchokozi! Naye anamtaka Ruweyda.
Nikapata wazo. Jioni nikarekodi jibu la kupima Ukimwi kabla ya ndoa, nikamalizia: "Ni mimi ndugu yenu, Kadar." Acha Mzee amchukie yeye.

Alhamisi, 8 Mei
Kadar anapongezwa! Wallahi! Ramlo wa chai anasema wanawe wamekwenda kupima bila kusukumwa, akampa Kadar chai ya bure. Hakukana. Akaomba na sukari zaidi. Wivu umenila siku nzima.

Ijumaa, 9 Mei
Adeer Deeq, ndugu yake baba, amerudi kutoka kwa Mzee Dagane na uso mgumu. Anasema Mzee alitoa simu akawachezea rekodi zote, kisha akauliza: sauti hii imenitafutia mbuzi miaka mitatu, nisiijue?
Kumbe kisonono hakikumkera. Kazi ameisifu. Kilichomkera ni kujificha nyuma ya jina la mtu. Ametoa masharti mawili: nikapime, kama ninavyowahubiria watoto wa wenzangu, na nimwombe Kadar radhi sokoni, kwa kipaza sauti. La sivyo, Ruweyda nimsahau.

Jumatatu, 12 Mei
Nimepima. Khadra alinidunga kidole, nikapiga yowe. Foleni yote ikacheka, ikanitaja kwa jina. Niko salama, alhamdulillahi. Ruweyda ameniandikia: limebaki moja, tafadhali usiliharibu. Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu ikazima.

Jumatano, 14 Mei
Soko limejaa. Kadar mbele kabisa, kikombe mkononi. Aibu ikanishika. Lakini mimi si mjinga. Nikatia mswaki shavuni, nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwamba kuna rafiki yangu, hakuweza kufika, anamwomba Kadar radhi. Safi kabisa!
Soko zima likaitikia: "Tumekusikia, Alio!"
Mzee Dagane hakucheka. Amemwambia Adeer kwamba jibu la posa litasubiri siku nitakayozungumza kwa mdomo mtupu.
Nimekaa nikafikiri sana. Kosa langu nimeliona. Nilitumia shavu la kulia.