Pampu ya Midomo Mitatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binti yangu ameajiriwa! Barua imefika asubuhi. Muuguzi, zahanati ya mbali, mwendo wa nusu siku kwa gari. Anatakiwa kuripoti Jumatatu ijayo saa mbili kamili, kwa hiyo ataondoka Jumapili. Mama yake alipiga vigelegele hadi maziwa yakafurika jikoni. Mimi nilisema hongera mwanangu, kisha nikatoka kwenda kutazama gari.

Tulishakubaliana siku nyingi: akipata kazi, gari ni lake. Ni kuukuu lakini linawaka. Nikakuta tairi la nyuma kushoto limelala chini kabisa.

Kabla sijainama vizuri, jirani alishafika. Injini. Mtaa mzima unamwita hivyo, kwa sababu aliendesha malori miaka thelathini na akicheka unadhani lori linapanda mlima. Alikuja na pampu yake ya kukanyaga kwa mguu, chuma kitupu. Akakanyaga, akakanyaga, tairi likainuka. Mke wangu akamletea chai. Kwenye kikombe cha wageni!

Injini akasema msichana hawezi kusafiri peke yake bila pampu garini, basi yeye atampa hii yake iwe zawadi. Binti akashukuru kwa mikono miwili. Ndipo nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema asijisumbue, mimi nimeshaagiza pampu ya umeme tangu wiki iliyopita.

Sijaagiza kitu. Sijui hata zinauzwa wapi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefunga kibanda changu cha saa mapema na kwenda duka la vipuri. Muuzaji ni mtu mpole mno, ana maswali kama daktari. Gari la aina gani? Tairi la ukubwa gani? Nikamwambia mimi ni fundi saa kwa miaka ishirini na sita, vitu vyenye magurudumu madogo navijua, sembuse makubwa.

Alinionyesha tatu. Ya kwanza nene, inabanwa kwenye betri ya gari. Hiyo haichoki upesi. Ya pili ndogo kama chupa ya chai, ina betri yake ndani, unaichaji nyumbani. Ya tatu ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, plastiki tupu, unaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Akasema hata hii itafaa, mradi nipime kwanza kama waya wake unafika, na nisome karatasi iliyomo ndani.

Nikaziweka sikioni moja moja, kama ninavyosikiliza saa. Zilikuwa zimezimwa, lakini fundi husikia. Nikachagua ya tatu. Sababu ni nzito: ina taa, na ina midomo mitatu ya kubadilisha. Mmoja wa mpira wa miguu, mmoja wa baiskeli, mmoja wa godoro la upepo. Nyumbani hatuna mpira, hatuna baiskeli, wala godoro la upepo. Lakini zile mbili nyingine hazikuwa na mdomo wa ziada hata mmoja!

Muuzaji akaniomba tuijaribu palepale, gari lake liko nje. Nikakataa. Boksi limefungwa vizuri na gundi, zawadi haifunguliwi njiani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimelifungua boksi alfajiri kwa kibano changu cha saa. Kazi safi, hakuna atakayejua.

Msiba! Waya unatoka kwenye tundu, unapita mlangoni, unafika tairi la mbele bila shida. Ukielekea nyuma unaishia kwenye kitasa cha mlango wa abiria. Nikauvuta. Nikaubembeleza. Haufiki. Na tairi linalopungua upepo ni la nyuma!

Mtu mwingine angerudi dukani kuomba msamaha. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikafikiri. Kama pampu haiwezi kwenda kwa tairi, tairi lije kwa pampu. Nikaleta jeki, nikaleta spana, nikahamisha tairi bovu mbele na zima nyuma. Kazi ya saa mbili na dakika kumi na nne. Mke wangu akauliza dirishani kulikoni. Nikajibu ni sevisi.

Jioni wakati wa kula nikahisi kitu kizito mfukoni mwa shati. Nati ya gurudumu. Nikatoka mbio na sahani mkononi. Nikamkuta Injini amepiga magoti kwenye gari letu, anakaza nati zote moja moja. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikamkabidhi ile iliyobaki. Akaikaza nayo. Nimeudhika sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nitaandika kwa mkono wa kushoto. Sababu itaonekana.

Kumbe jana baada ya kula binti alilipeleka gari kwa fundi pancha. Alimwambia ni tairi la nyuma kushoto. Yule maskini akalizamisha kwenye karai la maji, akaligeuza, akalizamisha tena, hakuona hata povu. Ikabidi ayapime yote manne. Akakuta msumari mdogo kwenye la mbele, akaziba. Binti ameshangaa jinsi ugonjwa ulivyohama. Nikasema matairi ya siku hizi.

Sasa matairi yote mazima, na Injini anazidi kuuliza hiyo pampu ya umeme itaonekana lini! Nitaionyeshaje bila tairi la kujaza? Basi alfajiri nilitoka na kibano, nikabonyeza kile kisindano cha valvu ya tairi la mbele. Psss. Nikahesabu kwa saa yangu, sekunde arobaini. Tairi likakaa chini kwa adabu.

Saa moja na nusu binti akatoka na funguo, anawahi kwa fundi cherehani kuchukua sare zake. Akaona tairi, akashika kichwa. Nikatokea na boksi! Mama yake yupo, Injini yupo, majirani wawili wapo. Nikachomeka, nikawasha. Kelele zake si za kawaida; kuku wa jirani walihama upande.

Geji ina namba za nje na za ndani. Mlangoni mwa gari pameandikwa thelathini na mbili. Mimi nikawa nasoma zile za ndani, ambazo zinaishia saba. Dakika kumi, mshale uko kwenye moja. Dakika ishirini, moja na nusu. Nikawaambia watu wavumilie, thelathini na mbili ni mbali. Pampu ikaanza kunuka. Halafu tak! Kimya. Fyuzi imeungua, na redio ya gari imekufa nayo. Nikaishika ile shaba ya mwisho wa mpira wa pampu niichomoe, na kumbe ilikuwa ya moto kama pasi. Nililia mbele ya watu.

Injini akamalizia kwa mguu. Binti hakwenda kwa fundi cherehani. Alinikalisha kwenye kiti cha jikoni, akaushika mkono wangu chini ya maji ya bomba kwa muda mrefu, akaufunga bandeji. Nikamwambia asichelewe kwa ajili yangu, achelewe kwa ajili ya mtu wa maana. Akasema, "Tulia Baba, wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza."

Ana mikono myepesi. Sikuwahi kujua. Nilikuwa nikiitazama ile bandeji nikasahau kuona aibu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda na pampu kibandani. Nimeifungua, nimeisafisha kwa brashi kama saa ya mkononi, nimeitia tone moja la mafuta. Nikairudishia. Kimebaki kispringi kimoja mezani, lakini nikiiunga kwenye betri ya kibandani inafanya kazi, tena kwa sauti ya chini. Kile kispringi hakikuwa cha lazima.

Saa sita binti akaniletea chakula. Amenunua fyuzi mpya, na ameisoma ile karatasi, kitu ambacho katika nyumba yetu hakijawahi kutokea. Akanieleza taratibu: washa injini kwanza, soma namba za nje, dakika kumi fanya kazi, dakika kumi pumzisha. Nikamwambia hayo yote nilikuwa nayajua. Akasema anajua kwamba najua.

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anazitazama saa ukutani. Alipokuwa mdogo alikaa palepale baada ya shule, akiniuliza kwa nini hazikubaliani. Zimebaki siku mbili tu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpango mkubwa kuliko yote. Matairi manne. Nikiyatoa upepo yote usiku huu, na fundi pancha Jumapili hafungui, na Injini amekwenda kwa dada yake hadi kesho mchana, binti hataondoka kesho asubuhi. Ataondoka labda jioni. Labda Jumatatu.

Nilijua kwamba Jumatatu saa mbili anatakiwa awe ameripoti. Nilijua. Nikachukua kibano.

Nikapiga magoti kwenye tairi la kwanza. Kioo cha mlango kikashuka juu ya kichwa changu. Alikuwa amekaa ndani! Amejifunika kanga ya mama yake, macho mekundu. Akauliza nafanya nini. Nikasema nakagua. Akanitazama, akanitazama mkono, akasema nipande nikae.

Tukakaa kama tunaosafiri. Akasema anaogopa. Kule atakuwa yeye na mhudumu mmoja. Je, akija mama anayejifungua, damu ikawa nyingi, daktari yuko mbali, yeye atamwita nani? Nikamwambia jambo la pekee lililokuja: dakika kumi kazi, dakika kumi pumzika, namba za nje. Akacheka hadi akalia, akalia hadi akacheka tena, akaniegemea begani.

Nikamwambia juzi aliushika mkono wangu na maumivu yakakaa chini, na hakuniuliza niliiacha wapi akili yangu. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo hatakuwa bure mbele ya mgonjwa yeyote. Hilo lilitoka lenyewe.

Ndipo akasema Alhamisi alikiokota kibano changu kando ya gurudumu, akakirudisha kwenye sanduku la kazi bila kuniambia. Anajua tangu siku hiyo. "Baba, ungesema tu unataka nibaki."

Nikamjibu sitaki abaki. Nataka aende, nataka kila mtu huko ajue ni binti wa nani. Na pia nataka abaki. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, na sijui nivipange vipi. Akasema hata yeye hivyohivyo.

Nimeahidi sitagusa tairi lake tena. Nimeapa, mkono wenye bandeji juu ya usukani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ameondoka saa tatu na dakika saba.

Nilipima matairi mara tatu. Thelathini na mbili, namba za nje. Injini alikatiza safari yake kwa dada yake ili amuage. Akaleta pampu ya mguu, akaiweka kwenye buti. Yangu binti aliiweka kiti cha mbele, kando yake. Kiti cha mbele! Injini aliona. Nilihakikisha ameona.

Mama yake alimpa chupa ya chai na maneno ya sikioni. Mimi nilimpa saa ya mkononi, niliyoitengeneza mwenyewe, ili ahesabie mapigo ya wagonjwa. Akanikumbatia kwa nguvu. Gari likakata kona.

Injini alilia wa kwanza. Naandika hili kwa usahihi: yeye alilia saa tatu na dakika nane, mimi saa tatu na dakika tisa. Nimemshinda. Kisha mke wangu akatuletea chai sote wawili, mimi kikombe cha wageni.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Binti amepiga simu! Hupiga kila siku, lakini leo ana habari.

Kwenye zahanati yupo bibi mmoja aliyelala kitandani miezi mingi, mgongo umejaa vidonda kwa kulalia upande mmoja. Stoo kulikuwa na godoro la upepo, limekunjwa, pampu yake iliharibika zamani. Pampu ya Injini haikuingia kwenye tundu la godoro. Haikuwa na mdomo wake! Binti akachukua yangu. Waya haukufika wodini, kama kawaida yake, ikabidi godoro liletwe nje hadi mlangoni mwa gari. Dakika kumi kazi, dakika kumi pumziko, kwa saa yangu. Kisha watu wanne wakalibeba likiwa limejaa, wakaliingiza ndani juu juu. Bibi amelala usiku kucha bila kuugulia. Asubuhi aliuliza pampu hiyo imetoka kwa nani.

Nilimwomba binti arudie hapo kwenye swali la bibi. Akarudia. Akarudia tena.

Nimekwenda kwa Injini kumweleza kwamba mdomo wa godoro niliuchagua makusudi, kwa kuona mbali. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa mkono. Kisha nikapita duka la vipuri. Ipo nyingine mpya, ya bei ya chini zaidi, ina midomo mitano! Muuzaji akaniuliza ni ya gari gani. Swali gumu, kwa kuwa sasa hatuna gari. Akaniomba angalau nipime waya. Nikamwambia mimi ni fundi, nikainunua.

Mke wangu ameniuliza ya kazi gani. Nimemwambia binti anakuja mwisho wa mwezi, Ijumaa jioni, anaondoka Jumapili asubuhi. Siku hizo ni chache sana. Barabara ile ni mbaya, na tairi linaweza kupungua upepo wakati wowote, hasa Jumapili alfajiri.

Kibano nimekinoa. Kiko mfukoni mwa shati.