Hakuna Kukaa Mpaka Niseme

Jumatatu, 3 Februari
Alhamisi Mkuu wa Shule atakaa nyuma ya darasa langu anione nikifundisha Jiografia. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi kuuza sabuni dukani kwa shemeji yangu, ambaye huniita profesa mbele ya wateja. Sirudi.

Mkakati: kukunja uso. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kama jino linaniuma. Nikamweleza kuwa huo ni uso wa mamlaka. Akanipa dawa ya jino hata hivyo. Darasani mambo yalianza vizuri, kimya kabisa. Kisha kiranja, binti mpole, akasimama na kwa niaba ya wenzake akanipa pole ya jino.

Jumanne, 4 Februari
Naitwa Mwalimu Jino. Jina hilo nimelisikia dirishani.

Chumba cha pili anafundisha Mwalimu wa Hisabati, mama mfupi asiyenifikia begani, anayeongea kama anambembeleza mtoto alale. Darasa lake linamsikiliza utadhani anagawa pipi. Nimemuuliza siri yake. Akasema huwajua wanafunzi wake kwa majina, basi. Mchoyo huyo! Hataki kuniambia.

Nikajaribu urafiki. Nimewatolea wanafunzi wangu kichekesho. Kimya. Nikawaeleza kinachekesha wapi. Mmoja akauliza kama kitatoka kwenye mtihani.

Jumatano, 5 Februari
Urafiki basi. Sheria mpya: nikiingia wanasimama, na hakuna kukaa mpaka mimi mwenyewe niseme kaeni. Kiranja akauliza itakuwaje akisema mtu mwingine. Nikamjibu hata aje nani, wasubiri sauti yangu.

Mazoezi kutwa. Simameni! Kaeni! Simameni! Mwalimu wa Hisabati akaja mlangoni kuuliza kama kuna moto. Wivu tu. Kengele ya mwisho ilipolia walikuwa wanasimama kama mtu mmoja. Koo linawasha kidogo.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeamka sina sauti. Nilipomsalimu mke wangu kikatoka kitu kama bawaba inayotaka mafuta.

Nikaingia na Mkuu. Wote wakasimama papo hapo. Moyo ulinijaa fahari. Mkuu akaketi nyuma, ameridhika. Nikafungua kinywa niseme kaeni. Upepo. Nikajaribu tena. Upepo. Nikaashiria kwa mikono, wakanitazama. Mkuu akawaambia wakae. Kiranja akamjibu kwa heshima zote kwamba samahani sana, wanasubiri sauti ya mwalimu. Mkuu akarudia kwa ukali. Hakuna goti lililokunjwa. Mmoja akaanza kulia, lakini wima. Nikaandika neno KAENI ubaoni kwa herufi kubwa. Wakalinakili kwenye madaftari, wima vilevile.

Mwishowe akaja Mwalimu wa Hisabati kuona kulikoni kimya hiki. Akamwita kiranja kwa jina, akamwambia kwa upole kwamba mwalimu wao amekaukiwa na sauti, wakae tu. Wakakaa. Wote. Mbele ya Mkuu! Nimeaibika sana.

Ijumaa, 7 Februari
Mkuu ameniita ofisini. Sikuthibitishwa. Nimeongezewa muhula mmoja wa majaribio, nao ni wa mwisho. Akaongea kirefu kuhusu kuwajua wanafunzi. Sikumjibu, kwa sababu inayojulikana.

Nje nikamkuta kiranja ananisubiri na kichupa cha asali. Darasa zima limechanga, ili koo langu lipone. Machozi yalinilenga, sitaficha. Nikataka kumshukuru kwa jina lake. Hata ningekuwa na sauti, silijui.

Jumamosi, 8 Februari
Nimetafakari. Sheria haina kosa lolote. Kosa ni la koo.

Nimenunua filimbi. Kuanzia Jumatatu, hakuna kukaa mpaka filimbi ilie. Nimeifanyia mazoezi tangu asubuhi. Mke wangu amekwenda kwa dada yake, hakusema atarudi lini. Jioni filimbi ikaanza kutoa upepo mtupu. Imechoka tu. Nimeitia asali kidogo, nikailaza ipumzike.