Mwanasesere Kichwa Chini

Jumatatu, 16 Juni
Mvua. Nimefungua tanuru: masizi! Masizi matupu, kama ya chini ya sufuria. Mirija ya kaboni ya Tsukamoto, jirani yangu wa meza, ile tunayoiotesha kwa gesi tanurini, imesimama wima kama nyasi za uwanjani. Nikampongeza. Eti ni bahati tu, Bwana Kusakabe. Bahati! Hapa kuna namna.

Mkataba uliobaki maabarani ni mmoja. Profesa Murakoshi ataamua Ijumaa. Nikiukosa, narudi Niigata kuuza mapazia kwa baba mkwe, ambaye keshaninunulia kitambaa cha aproni.

Halafu hili: dirishani Tsukamoto kaning'iniza mwanasesere wa kitambaa cheupe, yule wa watoto wa kuombea jua. Ila kamgeuza kichwa chini. Kichwa chini anaomba mvua! Msimu huu wa mvua, nani anaomba mvua? Ananiloga.

Jumanne, 17 Juni
Kikao cha asubuhi. Profesa kaongea, kachora ubaoni. Sikusikia neno, nilikuwa namchunguza Tsukamoto. Watu wakampigia makofi, akaona haya. Makofi ya nini? Sijui.

Nikamuuliza kuhusu mwanasesere. Akacheka: tanuru langu lina kiu, Bwana Kusakabe! Tanuru la nyuzi joto zaidi ya mia saba, kiu! Kisha nikaona kichupa cha maji kimeunganishwa na mpira wake wa gesi. Mtego. Anataka nimwige, niloweshe gesi yangu, niharibikiwe. Nimeshamshtukia.

Alhamisi, 19 Juni
Tsukamoto alipokwenda kula tambi, nikamgeuza mwanasesere kichwa juu. Jua likatoka! Mambo yameiva.

Nikakausha kila kitu. Tanurini nimezungushia vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya kopo la biskuti za mchele. Ilibidi nile biskuti zote kwanza. Tsukamoto karudi, kamtazama mwanasesere, kanitazama mimi, kamgeuza tena. Nikajifanya nakohoa.

Ijumaa, 20 Juni
Mirija ya Tsukamoto: msitu! Yangu: masizi, tena haba. Profesa akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaouma, kwa nini sikutumia maji. Jumanne si alieleza ugunduzi wa Tsukamoto mbele ya wote? Kaboni huzikaba chembe za chuma zinazootesha mirija; mvuke kidogo huzisafisha, mirija inaendelea kukua.

Nusura mkataba apewe Tsukamoto palepale. Tsukamoto akainama mbele ya Profesa, akamwomba anipe jaribio moja zaidi, Jumatatu. Akaniambia: njoo mapema, nitakuonyesha kila kitu. Nikaenda chooni nikalia. Nimeona aibu kweli.

Jumatatu, 23 Juni
Kanionyesha kila kitu. Kichupa, joto, mvuke kiasi gani. Bila kuficha, huku anatabasamu. Nikaanza kufikiri. Mtu gani anatoa siri yake bure, kwa mshindani? Basi siri si maji. Nikamkagua kuanzia juu hadi chini. Chini nikaiona: ndala za kijani! Sisi wote maabarani tunavaa za kahawia.

Mchana nikakimbia dukani, nikanunua za kijani. Nikawasha tanuru nimezivaa. Maji sikutia hata tone. Sidanganyiki mara mbili.

Masizi.

Profesa kasema suala langu la mkataba atalifikiria. Hapa kwetu maana yake ni hapana. Baba mkwe kapiga simu kuuliza kipimo cha kiuno, cha ile aproni.

Lakini nimeligundua kosa. Ndala zangu ni kubwa mno. Tsukamoto anavaa ndogo.