Chumvi ya Mteremko wa Kanisani

Jumatatu, 14 Oktoba 2024
Pwaa! Sauti ile haijanitoka tangu mvua za mwaka jana. Ni nyanya yangu, Susu Nzisa, akitua kwenye matope ya mteremko wa kanisani. Ameapa: akianguka tena, ataabudu kwa redio mpaka afe. Mvua iko karibu. Nani anajiandaa hapa Mbooni? Mimi tu. Nimetazama video za nchi za baridi. Kabla theluji haijaanguka, wenzetu wameshamwaga chumvi barabarani. Kabla! Na utelezi ni utelezi.

Jumatano, 16 Oktoba
Mkutano wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi. Nimeeleza kwa michoro. Kitheka, mwenyekiti, ameuliza kama theluji imeshapita Kikima au bado iko njiani. Vicheko. Yeye anataka tuchimbe mtaro, tukate ngazi, tumwage kokoto. Miaka yake minne chuo kikuu, na jibu lake ni jembe! Jirani yetu Muthoki ameonya chumvi isifike kwenye maharagwe yake. Nikamhakikishia nitatumia kwa kiasi, kwa uwajibikaji. Akaniita Madam Theluji. Nimechoka na watu hawa.

Alhamisi, 17 Oktoba
Chumvi ya mezani ni ghali. Nimenunua ya ng'ombe. Chumvi ni chumvi. Nimeimwaga mteremko mzima peke yangu. Mgongo umekufa.

Ijumaa, 18 Oktoba
Ng'ombe! Wa Kitheka, wa Muthoki, hata wa mchungaji. Wamevunja ua, wakalamba tangu alfajiri, wakachimbua njia yote kwa kwato. Nimewafukuza kwa leso. Mmoja akalamba leso. Muthoki anasema kanisa langu jipya lina mahudhurio mazuri kuliko la mchungaji.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mvua imewahi. Nimeshuka kupima utelezi. Nimeupima kwa makalio, kutoka juu hadi mlango wa kanisa, kwaya ikifanya mazoezi. Hawakuacha kuimba. Susu aliona yote. Akavua viatu vyake vya kanisani, akavirudisha kwenye boksi. Heri angecheka.

Ijumaa, 25 Oktoba
Mwethya wamekuja na majembe. Mtaro, ngazi, kokoto. Kufika adhuhuri walikuwa wanakunywa uji. Kitheka akamshika Susu mkono. Akashuka, akapanda, akashuka tena, akicheka kama msichana. Viatu vimetoka kwenye boksi. Akaniambia, mwiitu, binti yangu, sasa pumzika.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimejaribu kupumzika. Haiwezekani. Kokoto hazina sayansi yoyote. Nimesoma kwamba huko kwenye baridi, wanaojali udongo wanapunguza chumvi na kuichanganya na maji matamu ya mizizi fulani. Yananata! Mizizi hiyo hatuna, ila duka la chakula cha mifugo lina molasi, ule utomvu mtamu wa miwa wanaolishwa ng'ombe. Kesho Susu anaenda kanisani, na sitaki kubahatisha. Nimeshamwaga madumu mawili, kutoka ngazi ya juu kabisa hadi mlangoni.