Kiwewe cha Ijumaa Ijayo

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Miezi mitatu sijapatwa na kiwewe hata kimoja. Hakuna moyo kwenda mbio, hakuna vidole kufa ganzi, hakuna kumpigia mke wangu simu kumuaga kwamba nakufa. Daktari kafurahi. Mimi sikufurahi. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, ana maradhi haya haya, naye kabadilishiwa dawa. Sasa kachangamka, anamchekesha mama mkwe mpaka machozi. Mimi nikishameza tembe yangu na chai, saa nne nasinzia juu ya mafaili. Bosi wa masjala kasema akinikuta tena nimelala, ananihamishia ghalani, kusiko na dirisha. Huko kiwewe kitarudi chenyewe.

Nilimuuliza daktari, kijuujuu tu, mtu hubadilishiwa dawa lini. Akasema inaposhindwa kuzuia kiwewe, au pia... Nikamshukuru, nikainuka. Akanipa daftari la kuandika kila kikinipata: siku, saa, nilikuwa wapi. Nirudi Jumatatu. Ya usingizi sikumwambia. Siri zote hazitolewi siku moja.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: nipate kiwewe kimoja halali. Cha kwanza maishani kilinipata kwenye lifti ya ofisini. Leo nimeipanda mara kumi na moja. Patupu. Mara ya saba nilipiga miayo. Mfagiaji akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejitolea kusoma taarifa mbele ya wakuu wote wa idara. Zamani kuitwa jina tu kulinitoa jasho. Nikangoja moyo uanze. Wapi! Nimesoma kurasa tisa kwa utulivu, wakapiga makofi. Kisha nikaketi, nikalala begani kwa mkuu wa ugavi. Bosi kasema uamuzi ni Jumanne. Dawa hii ina nguvu za ajabu. Lazima niachane nayo.

Jumamosi, 8 Machi
Ukweni. Nilimvuta mwanyumba pembeni nimdodose. Akanong'ona kwamba wiki zile za kubadilisha dawa alitetemeka mpaka mkewe akawa anamshikia kikombe, na kwamba ananionea wivu. Nimemshtukia. Hataki tuwe wachangamfu wawili.

Jumapili, 9 Machi
Nimelijaza daftari mwenyewe. Kalamu tatu tofauti. Viwewe kumi na vinne: sokoni, bafuni, kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu. Nilinogewa. Mke wangu akauliza ninacheka nini.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari alisoma yote. Ukurasa wa mwisho akavua miwani. Akauliza nimejuaje kwamba Ijumaa ijayo, saa nne na nusu, kitanipata kwa kinyozi.

Nilinogewa nikapitiliza siku. Nikasema najijua. Hakucheka. Hapo moyo ukaanza kwenda mbio, viganja vikalowa. Nikamwambia kwa furaha kwamba hicho hapo, kimekuja. Akanishika mkono, akahesabu mapigo, akasema hiyo ni aibu tu.

Basi nikamwaga yote: usingizi, bosi, ghala lile. Naliogopa ghala lile kuliko kitu chochote. Akauliza tembe nameza saa ngapi. Akanigeuzia pakiti yangu mwenyewe. Imeandikwa: kabla ya kulala. Akasema usingizi nao ni sababu ya kufikiria dawa nyingine, ndicho alichotaka kumalizia nilipoinuka. Tujaribu usiku kwanza, wiki mbili. Ikishindikana tutabadilisha, polepole, yeye akinisimamia. Kanipa barua ya kumpelekea bosi na daftari jipya: kila asubuhi niandike nilivyolala. Kweli tupu, akasisitiza mara mbili.

Jumanne, 11 Machi
Bosi kaisoma barua, kanipa wiki hizo mbili. Saa nne nilikuwa macho makavu, nikagundua masjala yetu ina saa ya ukutani. Daktari yule ni mtu mwema, hafai kusumbuliwa. Kwa hiyo nimemjazia daftari lote leo leo, wiki zote mbili. Nimelala vizuri siku kumi na mbili na vibaya siku mbili, ili aamini. Na safari hii nilikuwa na kalenda mezani.