Wiki Moja Bila Nyama

Jumapili, 11 Mei 2025

Aibu tupu! Shehe Abdulrahman kaniinua mbele ya darsa zima niunge kauli mbili, nitoe natija. Ya kwanza: kila mtu atakufa. Ya pili: Bakiri ni mtu. Nikajibu Mungu apishe mbali. Wakacheka mpaka wenye duka la mapazia chini yetu wakagonga dari kwa fimbo.

Aliyecheka kuliko wote ni Ishaka. Ana spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto, na daftari la wino wa rangi nne. Mtu mzima! Kauli kwa bluu, natija kwa kijani, makosa ya wenzake kwa nyekundu.

Mwaka wa pili huu tunasoma mantiki. Shehe anasema ilitoka kwa Wayunani, ikafasiriwa kwa Kiarabu kule Baghdadi. Wako walioiharamisha, wako waliosema asiyeijua elimu yake haiaminiki. Kisha watu wakajaza maelezo pembezoni mwa vitabu, na maelezo ya maelezo, karne kwa karne. Ningeishi zama zile ningeuza wino, si mablanketi.

Jioni Mama kapiga simu kutoka Tanga. Jumapili ijayo anataka kunisikia nikisomesha, yeye na kina mama wa mtaa, simu katikati ya mkeka. Kosa ni langu. Miaka mitatu nyuma, nilipokuwa mgeni pale darsani, nilimtumia picha nimekaa kwenye kiti cha Shehe, mwenyewe kaenda kutawadha. Tangu siku ile Barabara ya Kumi na Tatu nzima inaniita Maalim. Nimwambie ukweli leo? Ana presha. Siwezi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata njia!

Usiku nilikumbuka somo la mwezi uliopita, lile nililosinzia nusu. Walikuwepo wengine, Uajemi na Andalusi, waliosema hoja inakufikisha mlangoni tu. Kuingia ndani ni kwa kashfu, yaani moyo kufunuliwa ukaona wenyewe. Bila kauli ya kwanza, bila kauli ya pili. Hao ndio watu wangu.

Nikaenda kwa Shehe asubuhi kabla ya kazi. Nikamwambia nimefunuliwa jambo zito, naomba kiti Jumapili nilieleze. Akasukuma chai yake pembeni. Akasema wenye kashfu wale waliimaliza mantiki kwanza, wakawashinda hata walimu wao. Ndipo wengine wakaingia khalwa, kujitenga na watu: siku arobaini, bila nyama, bila porojo. Nikashika kofia yangu niondoke. Akasema mimi atanipunguzia, niishike mpaka Jumapili, kisha kiti ni changu.

Kiti ni changu!

Jumatano, 14 Mei

Baridi kali. Khalwa siwezi kuifanyia pangoni, nina meza ya mablanketi Marshalltown, katikati ya jiji. Nakaa kimya pale pale kwenye lami. Wateja nawaonyesha kwa mikono. Ajabu, wananunua kuliko siku zote. Gaston, jirani yangu wa Bukavu anayechoma soseji, kasema labda mdomo wangu ndio uliokuwa unawafukuza.

Tatizo ni moshi wake. Unapita kwangu kwanza ndipo uende kwingine. Mchana nilikula mkate na maharage nikiwa nimeufunika uso kwa blanketi la ukubwa wa watu wawili. Gaston akaniuliza, eish, papa, uko mgonjwa? Nikatikisa kichwa. Kufunuliwa bado.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika bila kujitetea. Au kwa kujitetea kidogo.

Baada ya swala, njaa ikanishika shingoni. Gaston kanionyesha pakiti nihakikishe ni halali. Nikasoma yaliyomo. Maji. Wanga. Soya. Ladha ya kuku. Ladha! Nikatulia pale na pakiti mkononi, na kitu kikajipanga kichwani bila mimi kukiita. Kila kilichokatazwa ni nyama. Soseji hii si nyama. Basi soseji hii haikukatazwa.

Nikala mbili. Nne.

Ya nne ikiwa mdomoni nikainua macho. Ishaka! Kasimama kwenye robot, taa za barabarani, na bakkie yake, pikapu imejaa maboksi ya jumla. Akapunga mkono taratibu. Wino mwekundu, bila shaka.

Jumapili, 18 Mei

Nimeketi kitini. Simu juu ya meza, Tanga nzima inatoa salamu. Shehe chini mkekani kama mwanafunzi. Nikasema nimefunuliwa. Nikasema tena nimefunuliwa. Kichwani hamna kitu, nikawaza Mama pale mkekani na wenzake.

Ishaka kainua mkono kwa adabu zote. Akauliza kama anayekula soseji barabarani bado yumo khalwani. Kwenye simu nikamsikia mwanamke mmoja akiuliza nani anakula soseji.

Nilitamani sakafu ipasuke niangukie mapazia. Basi nikasema lile nililokuwa nalo. Kauli ya kwanza, ya pili, natija.

Hakuna aliyecheka. Shehe akamwambia Ishaka atafute kosa. Ishaka akafungua daftari. Akapitia bluu, akapitia kijani. Akakiri kwamba muundo umesimama. Muundo wangu! Akarukia kauli ya pili, akaapa soseji ile ni nyama, anaiuza mwenyewe dukani. Najma, mwenzetu wa darsa, ambaye wazee wake walikuwa wapigania uhuru wa huku waliokimbilia kwetu na yeye kazaliwa Morogoro, hana haya na mtu. Akaitafuta pakiti kwenye simu yake, akaisoma yote kwa sauti. Akamuuliza Ishaka huko Soweto anawauzia watu kuku au anawauzia maji. Akisema nyama, pakiti inamkana. Akisema si nyama, wateja watamkana. Darsa likachemka saa nzima! Wengine wakasimama. Fimbo ya chini ikagonga, hakuna aliyejali.

Mwisho Shehe akainua mkono. Akasema mwanangu, muundo wako mzuri, na kauli ya pili tuwaachie wenye kiwanda. Mbovu ni ile ya kwanza. Wale watu hawakukimbia nyama. Walikimbia hamu, na nyama ilikuwa mlango wake tu. Akaniuliza soseji ya nne niliila kwa njaa au kwa hamu. Nikaikunja kofia yangu. Alijua.

Akasema mtu anayeweza kujidanganya kwa mpangilio safi namna ile, akifundishwa ataweza na kweli. Nije kila Alhamisi, mimi na yeye, tuanze ukurasa wa kwanza.

Nilisahau simu. Nilipoishika, kina mama walikuwa wameondoka, amebaki Mama peke yake. Nikaanza kueleza. Akanikatiza. Akasema anajua tangu picha ya kwanza, kwa kuwa mezani palikuwa na miwani na bakora, na mimi sina hivyo. Alinyamaza akitumaini jina la Maalim litanitia haya nisome. Na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikifikiri. Amefurahi, presha yake iko sawa, nimsalimie yule mzee.

Nililia ngazini. Daftari ni langu, naandika ninachotaka.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamka mtu mpya. Ishaka kanitumia ujumbe, anaomba nimwandikie hoja ya soseji aiweke daftarini. Kwa kijani! Nimemjibu nitaangalia nafasi yangu.

Alhamisi hizi, lakini, nimezifikiria. Ukurasa wa kwanza? Mtu ambaye darsa zima limeshindwa kumvunja? Nitamwambia Shehe aanze na wanaohitaji.

Mchana kina mama wa Tanga wametuma sauti kwenye kundi lao, Mama yumo, wanauliza Maalim atasomesha nini baada ya mantiki. Nimewajibu papo hapo kwamba mantiki nimeimaliza. Sasa naingia falaki, elimu ya nyota. Waandae maswali, na mwezi utakapopatwa nitawatajia saa yake na dakika mapema.

Wamepiga vigelegele. Mama naye kanitumia ujumbe wa neno moja tu: Bakiri.

Furaha imemzidi, maskini, hata kuandika kashindwa.