Dawa ya Panya, Dada na Tumbo Langu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimepata akili. Naosha vizimba vya panya katika maabara ya Daktari, na watu hudhani mwosha vizimba hana masikio. Ninayo. Daktari anachunguza kama majani fulani ya porini yanatibu sonona, ile huzuni inayomkalia mtu kifuani ikagoma kutoka. Wagonjwa kwa sasa ni panya tu. Panya mzima akiwekewa maji matupu na maji ya sukari, hukimbilia sukari. Mwenye sonona hajali. Walionyweshwa majani wameanza kuirudia sukari.

Nikamfikiria dada. Tangu afiwe na mumewe ahamie kwangu, kazi yake kutazama ukuta. Jana nilisahau sukari kwenye chai yake. Akanywa yote, hakujali.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwomba Daktari chupa moja ya dawa yake kwa ajili ya dada. Amekataa kwa upole. Panya si mtu, akasema, na hata hao panya bado hana uhakika nao. Nimpeleke dada kliniki, Daktari ana rafiki yake huko, mtaalamu wa kusikiliza watu. Nikamshukuru kwa moyo wote. Kisha nikaanza kupanga jinsi ya kuiba.

Kikwazo ni Miwani, msaidizi wake. Ananionea kijicho kwa sababu panya wananipenda mimi.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Nilimwambia Miwani kuna panya katoroka. Akaingia chini ya meza na tochi. Nikachomeka chupa kwenye buti. Naondoka, bado anamwita panya kwa sauti ya kubembeleza.

Mimi si mjinga. Siwezi kumpa dada kitu nisichokionja. Panya hupewa tone. Mimi ni mkubwa kuliko panya. Nimekunywa nusu kikombe.

Alhamisi, 7 Machi
Sina nguvu ya kuandika. Choo kinaniita.

Jumamosi, 9 Machi
Nipo hai, namshukuru Mungu. Juzi miguu iliniishia ukumbini, kati ya kitanda na choo. Dada akasikia nikigumia, akatoka chumbani. Sikuwa nimemwona akishika sufuria tangu msiba. Akanikorogea uji, akafua mashuka, akanisema mchana kutwa: kwamba akili zangu ni za kuazima, na walioniazima walinipunja. Sijawahi kufurahia matusi kiasi hiki.

Jana akaiona chupa. Nikamweleza yote. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Mdogo wangu,” akasema, “ukifa wewe, mimi nitamgombeza nani?”

Akalia. Hata mazikoni hakulia. Alipotulia akasema amechoka kuwa hivi. Nikamtajia kliniki. Akakubali.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemrudishia Daktari chupa yake na maelezo yote. Nilijua nafukuzwa. Yeye akaanza kuuliza habari za tumbo langu, halafu za dada. Ndipo akanikabidhi brashi: nitaosha vizimba vyote, pamoja na vya zamu ya Miwani. Haki yangu.

Mchana akatupeleka kliniki mwenyewe. Dada alikaa ndani na yule mtaalamu hadi nikasinzia kwenye benchi. Akatoka macho mekundu, akaniuliza leo tunakula nini. Atakuwa anarudi kila wiki. Miwani naye kaniletea ndizi, eti zinatuliza tumbo. Nimekula nikiona aibu. Nina watu wema kuliko ninavyostahili.

Jumatano, 13 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Dada anaendelea vizuri. Asubuhi kafungua dirisha lake mwenyewe. Sasa tuseme ukweli: nini kilimwinua kitandani? Majani. Na hakuyagusa hata kwa ncha ya ulimi! Dawa inayomfaa mgonjwa ikinywewa na mdogo wake haijapata kuonekana duniani. Daktari ana bahati ya kuwa na mimi.

Leo ameanza kuchunguza mzizi mpya, wa panya wasiopata usingizi. Jirani yetu naye halali usiku, maskini, anazunguka uani kama saa mbovu. Nimemuuliza, kwa adabu, kama ana mdogo wake.